Sasisho la kweli haliji kwa barua pepe

Septemba 2003 watu wengi duniani walifungua masanduku yao ya barua pepe wakakuta ujumbe wenye nembo ya Microsoft, rangi zake na mpangilio wake, kana kwamba ukurasa wa tovuti ya kampuni hiyo umekatwa na kubandikwa ndani ya barua. Ujumbe ulijitambulisha kuwa ni sasisho la jumla la usalama la mwezi huo. Ulieleza kwamba linaziba matundu yote yanayojulikana katika Internet Explorer, Outlook na Outlook Express, pamoja na mengine matatu mapya, na kwamba baya kuliko yote linaweza kumruhusu mshambuliaji kuendesha programu ndani ya kompyuta ya mpokeaji. Chini yake kulikuwa na orodha ya matoleo ya Windows yanayohusika, kisha maelekezo: fungua faili iliyoambatishwa, bofya Ndiyo. Kwenye sehemu ya matumizi iliandikwa kwamba ukishasakinisha huhitaji kufanya lolote.

Faili ile ilikuwa mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wataalamu waliuita Swen, na onyo lililokuwemo kwenye barua lilikuwa maelezo sahihi ya mnyoo wenyewe: mgeni alikuwa anakaribia kuendesha programu ndani ya kompyuta yako, na alichokuwa akikingoja ni ridhaa yako.

Tangu hapo, kila shambulio la namna hii linapotokea, maelezo yanayotolewa ni yaleyale: watumiaji ni wazembe, hawasomi, wanabofya ovyo. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mnyoo unaovaa vazi la sasisho la usalama haumwindi mzembe. Mzembe ana mamia ya barua ambazo hajazifungua, na habari za matundu ya kivinjari hazimkoseshi usingizi. Anayenaswa ni yule aliyesikiliza mafunzo, aliyeambiwa kwamba kompyuta isiyosasishwa ni hatari kwake na kwa wenzake, akaona onyo na kuchukua hatua bila kusukumwa. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kisa hiki aliyevunjika guu ni yule aliyesikia.

Hapo ndipo minyoo hii inapotofautiana na ile iliyopata umaarufu kabla yake. Virusi vya Melissa, Machi 1999, vilianza kuenezwa kwa hati yenye orodha ya nywila za tovuti za ngono. ILOVEYOU, uliolipuka Mei 4, 2000 kutoka Ufilipino, ulijifanya barua ya mapenzi. Mnyoo wa Februari 2001 uliotumia jina la mcheza tenisi Anna Kournikova uliahidi picha yake. Yote hiyo ilichezea tamaa na udadisi, na ushauri wa kujikinga ulikuwa mwepesi: kitu kinachokuvuta kupita kiasi, kiache. Barua inayosema "ilinde kompyuta yako" haina utamu wowote wa kuuacha. Inamgusa mtu kwenye wajibu wake, na hakuna aliyetufundisha kuutilia shaka wajibu.

Swen haukuwa wa kwanza. Machi 2002 ulitangulia Gibe, ambao Swen ni wa ukoo wake. Nao ulijidai kutoka kituo cha usalama cha Microsoft, ukiwa na faili iliyoitwa Q216309.exe. Jina hilo halikuokotwa tu. Siku zile Microsoft yenyewe ilizipa faili za viraka vyake, yaani marekebisho ya kuziba matundu, majina yenye herufi Q na tarakimu sita, kwa kufuata namba za makala zake za msaada wa kiufundi. Aliyekuwa makini kiasi cha kuujua utaratibu huo alikuwa na sababu zaidi ya kuamini kuliko jirani yake asiyejua kitu. Mei 2003 ukaja Palyh, unaojulikana pia kama Sobig.B, kwa jina la kitengo cha msaada cha Microsoft. Agosti mwaka huohuo ukafuata Dumaru: barua yake ilimwita mpokeaji rafiki mpendwa, ikamtaka atumie kiraka cha Internet Explorer sasa hivi, ikadai kwamba zaidi ya 500,000 wamekwisha kuambukizwa. Kiambatisho kiliitwa patch.exe. Na Machi 2004 Sober.D ulijitangaza kuwa kinga dhidi ya MyDoom, mnyoo mwingine uliokuwa umeitikisa intaneti tangu mwishoni mwa Januari. Ulikuwa na barua za lugha mbili, Kijerumani na Kiingereza, na ulichagua lugha kwa kutazama anwani ya mpokeaji.

Itazame kalenda ya mwaka 2003, maana ndani yake kuna maelezo ambayo hayapatikani kwenye msimbo wa mnyoo wowote. Julai 16 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kubwa katika RPC, huduma ya Windows inayowezesha kompyuta kuagizana kazi kupitia mtandao. Agosti 11 mnyoo wa Blaster ulianza kulitumia tundu hilo, bila barua, bila kiambatisho, bila mtu kubofya chochote. Kompyuta iliyounganishwa tu na intaneti ilianza kujizima na kujiwasha mbele ya mwenyewe. Vyombo vya habari vikapiga kelele: sasisheni! Mashirika yakawatumia wafanyakazi wao maagizo ya haraka. Blaster ulikuwa umepangiwa pia kuishambulia anwani ya windowsupdate.com ifikapo Agosti 16, na Microsoft ikaamua kuiondoa anwani hiyo kabisa, ikabaki na ile nyingine ambayo huduma yenyewe ilikuwapo. Uamuzi ulikuwa sahihi kiufundi. Lakini fikiria mtu wa kawaida: ameogopeshwa, ameagizwa asasishe, na mlango mmoja alioujua kwa jina haufunguki. Dumaru ulifika wiki moja hivi baada ya Blaster. Swen ukafika Septemba 18.

Waandishi wa minyoo hii hawakuhitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba kuna hatari. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na hatari ya kweli, na kwa sauti za watu waaminifu waliokuwa wakitoa tahadhari. Walichohitaji ni kukaa kwenye njia ambayo watu wenye hofu wangepita.

(Wiki hizohizo ulitokea mnyoo mwingine wa ajabu, Welchia, ulioingia kwenye kompyuta kwa tundu lilelile la Blaster, ukaufuta Blaster na kupakua kiraka halisi kutoka Microsoft. Wapo walioushangilia. Msongamano uliouleta kwenye mitandao ulivuruga mfumo wa kuandikisha abiria wa shirika la ndege la Air Canada. Kiraka kilikuwa halisi, na bado hakuna aliyeombwa ruhusa wala aliyepewa nafasi ya kujiandaa.)

Swen unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu aliyeutengeneza alimfikiria sana mtu aliyekaa mbele ya skrini. Ukiifungua faili, kidirisha kinatokea kukuambia kwamba sasisho la usalama la Microsoft linataka kusakinishwa, na kukuuliza kama ungependa kuendelea. Vitufe ni viwili, Ndiyo na Hapana. Ukibofya Ndiyo, mstari wa maendeleo unajaa taratibu kama kwenye usakinishaji wowote, kisha unataarifiwa kwamba kazi imekamilika salama. Ukibofya Hapana, kidirisha kinaondoka na mnyoo unajisakinisha kimyakimya. Na ukiifungua faili kwenye kompyuta ambayo tayari imeambukizwa, unajibiwa kwamba sasisho hili halihitajiki kwenye mfumo huu. Jibu hilo la mwisho linatisha kuliko mengine yote. Ndilo jibu ambalo programu halali ingelitoa. Mtu mwenye wasiwasi, aliyerudia kuifungua faili ili ajihakikishie, aliondolewa wasiwasi na mnyoo wenyewe.

Baada ya hapo ulizizima programu za kuzuia virusi na za ulinzi wa mtandao. Ulikifunga chombo cha kuhariri rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio ya mfumo, ili mtu asiweze kuung'oa kwa mkono. Ulikusanya anwani kutoka kwenye faili za kompyuta na kutoka kwenye Usenet, majukwaa ya majadiliano ya intaneti, ukajituma kote huko, ukajipenyeza pia kwenye folda za Kazaa, programu ya kugawana faili, na kwenye mazungumzo ya moja kwa moja ya IRC. Kisha kilitokea kidirisha kilichodai kwamba kuna hitilafu kwenye programu ya barua, na kwamba ili irekebishwe inabidi kujaza upya anwani ya barua pepe, jina la mtumiaji, nywila, na majina ya seva za kutuma na kupokea barua. Kila mtu alikuwa amewahi kujaza fomu ya namna hiyo siku alipoiandaa barua pepe yake kwenye kompyuta, kwa hiyo hapakuwa na la kumshtua. Kila nakala ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilobaiti 100. Leo hicho si kitu. Kwa aliyetumia modemu ya simu ilikuwa karibu nusu dakika ya kupakua kwa kila barua, na waliokuwa wakiandika kwenye Usenet walipokea nakala hizo kwa mamia hadi masanduku yao yakajaa na barua halali zikarudishwa kwa waliozituma.

Liko jambo ambalo husemwa kwa nadra. Kwenye baadhi ya kompyuta Swen uliweza kujiendesha wenyewe, bila mtu kukigusa kiambatisho, kwa kupitia tundu la Internet Explorer ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi 2001, yaani miezi 30 kabla. Aliyekuwa amesasisha kwa njia ya kweli aliepuka nusu ya mtego. Nusu ya pili ilimngoja kwa sababu ya tabia ileile nzuri iliyomwokoa na ya kwanza.

Sasa tuulize swali ambalo mtumiaji hapaswi kulibeba peke yake: ilikuwaje barua ya mtu yeyote iweze kuvaa jina la Microsoft? Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, ulichapishwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa taasisi chache zilizojuana. Seva inayopokea inaambiwa barua imetoka kwa nani, na inaamini. Hakuna kitambulisho kinachodaiwa. Jina unaloliona juu ya barua ni maandishi aliyojiandikia mtumaji. Marekebisho yalikuja kwa mwendo wa kusuasua: SPF ilichapishwa rasmi mwaka 2006, DKIM mwaka 2007, DMARC mwaka 2015. Zikifanya kazi pamoja zinaiwezesha seva kuuliza kama barua inayojiita ya kampuni fulani imetoka kweli kwenye seva zilizoidhinishwa na kampuni hiyo. Zimesaidia sana, na msimamizi wa mfumo ambaye hadi leo hajaziwasha hana udhuru. Lakini hazimzuii mlaghai kusajili jina la tovuti linalofanana na la kampuni na kuupita ukaguzi wote bila kughushi kitu, kwa kuwa anwani ni yake. Wala programu za barua kwenye simu hazisaidii, maana nyingi zinamwonyesha msomaji jina la mtumaji na kuificha anwani.

Windows nayo ina lake la kujibu. Kwa miaka yote hii imekuwa ikificha mwisho wa majina ya faili kwa mpangilio wake wa awali, kiasi kwamba faili inayoitwa picha.jpg.exe, ambayo kwa mwisho huo wa exe ni programu, inaonekana kama picha.jpg. Ni uamuzi ambao ungeweza kubadilishwa zamani.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko hayo ni la kuchanganya njia. Mwaka 2003 Microsoft ilikuwa na sera iliyo wazi: haisambazi programu kwa barua pepe, kamwe. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiwatumia waliojiandikisha taarifa za usalama kwa barua pepe. Taarifa zile hazikuwa na kiambatisho, zilikuwa maandishi matupu yenye sahihi ya kidijitali ya PGP, fungu la herufi linalowezesha kuhakiki ni nani hasa aliyeandika. Mtaalamu aliijua tofauti. Mtu wa kawaida alijua jambo moja tu, kwamba Microsoft huwaandikia watu kuhusu matundu ya usalama, na alilijua sawasawa. Oktoba 2008 walaghai walionyesha alama za kitaalamu zinavyogeuka pambo mbele ya asiyejua kuzikagua: walisambaza barua ya sasisho la Windows iliyobeba programu hasidi ya Haxdoor, na mwishoni wakabandika fungu la herufi na tarakimu lenye sura ya sahihi ya PGP. Haikuwa sahihi ya kweli, na haikuhitaji kuwa ya kweli, maana waliolengwa wasingeweza kuihakiki. Sura yake ilitosha.

Hali ya leo si bora. Ofisi nyingi zinawatumia wafanyakazi barua za kweli zenye kiungo na maneno "sasisha nywila yako hapa" au "sakinisha toleo jipya kabla ya Ijumaa la sivyo akaunti itafungwa". Ofisi hizohizo, kwa mkono uleule, hutuma barua za majaribio zinazofanana na hizo ili kuwakamata watakaobofya, kisha zinawapeleka waliokamatwa kwenye mafunzo. Mfanyakazi anayepokea za aina zote mbili ndani ya wiki moja anafundishwa kubahatisha. Akibahatisha vibaya anaitwa kiungo dhaifu cha mnyororo. Naona ni dhuluma kumwita mtu hivyo wakati mnyororo wenyewe umeunganishwa na wale wanaomlaumu.

Madhara yanayoniuma zaidi hayako kwenye kompyuta zilizoambukizwa. Kompyuta husafishwa, nywila hubadilishwa, siku mbili tatu za kazi hupotea. Imani haisafishiki hivyo. Mtu akivaa koti jeupe akawachoma watu sindano za sumu akiziita chanjo, atakaowaua si wale aliowachoma peke yao. Ni pamoja na wote watakaoikimbia chanjo ya kweli mwaka unaofuata. Ndivyo sasisho bandia linavyofanya kazi yake kwa muda mrefu. Kila aliyewahi kuwahudumia watumiaji wa kompyuta amelisikia jibu hili: "Hizo mimi huwa sibofyi, najua ni virusi." Ukitazama anachokielekezea kidole, ni kidirisha halisi cha mfumo wake, kinachomwomba kwa wiki ya tano aanzishe upya kompyuta ili kiraka kiingie.

Na viraka vinapokosa kuingia, yanayofuata yanajulikana. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu katika SMB, utaratibu wa Windows wa kushirikiana faili. Mei 12 mwaka huo mnyoo wa WannaCry ulilitumia tundu hilo ukafunga kwa nguvu faili za zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, ukadai fidia, ukavuruga huduma za hospitali nchini Uingereza. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Sababu za kutosasisha zilikuwa nyingi, zikiwemo mashine kuukuu na programu za kazi ambazo zingekwama, na si haki kuutupia uongo wa barua pepe lawama zote. Sehemu yake katika lawama hizo, hata hivyo, ipo.

Atakayekuwa amesoma hadi hapa anaweza kuniuliza: na pale sasisho la kweli lenyewe linapotiwa sumu? Swali ni la haki, na historia inalipa nguvu. Januari 2001 kampuni ya VeriSign ilitoa vyeti viwili vya kutilia sahihi programu, yaani vya kuthibitisha ni nani aliyeitengeneza, vyenye jina la Microsoft Corporation, kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa Microsoft. Mwaka 2012 iligundulika kwamba programu ya kijasusi ya Flame ilighushi cheti kwa kuutumia udhaifu wa MD5, hesabu iliyotumika kuhakikisha kwamba cheti hakijaghushiwa, ikaweza kujipitisha kwenye kompyuta nyingine za mtandao uleule kama sasisho halali la Windows Update. Juni 27, 2017 NotPetya ulitoka ndani ya mfumo wa masasisho wa M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraine, ukaenea hadi kuisimamisha kampuni ya meli ya Maersk, iliyokadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Desemba 2020 dunia ikajua kwamba sasisho la Orion, programu ya kampuni ya SolarWinds ya kusimamia mitandao, lililopakuliwa na wateja wapatao 18,000 lilikuwa na mlango wa siri. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walikwisha kusema.

Lakini angalia ni nani aliyeweza kuyazuia hayo. Hakuna mtumiaji, awe mwerevu namna gani, ambaye angeligundua lolote. Ni mzigo wa watengenezaji: kulinda seva za kujengea programu, kutunza funguo za sahihi, kuacha hesabu dhaifu zilizokwisha kujulikana kuwa dhaifu. MD5 ilikuwa imeonyeshwa hadharani kuwa imevunjika miaka mingi kabla ya Flame kugunduliwa. Visa hivi ni vichache, vinahitaji fedha na ujuzi mkubwa, na mara nyingi nyuma yake kuna serikali. Sasisho bandia linalokuja kwa barua linaweza kutengenezwa na yeyote. Kuvitumia visa vya kwanza kama sababu ya kumwambia mtu wa kawaida azime masasisho ni kumwacha wazi mbele ya maelfu ya washambuliaji wadogo kwa hofu ya wachache wakubwa ambao pengine hawamjui kabisa.

Ujanja wenyewe haujazeeka, ila njia zake zimebadilika. Seva nyingi za barua sasa hukataa faili za exe, kwa hiyo minyoo ya kujituma yenyewe kwa mtindo wa Swen imepungua. Novemba 2019 zilisambazwa barua zilizomhimiza mpokeaji asakinishe sasisho jipya la Windows, zikiwa na kiambatisho kilichojiita picha ya jpg ambacho kwa kweli kilikuwa programu, na mwisho wa safari yake ulikuwa ni kufungiwa faili na kudaiwa fidia. Julai 2, 2021 genge la wadai fidia la REvil liliwashambulia wateja wa Kaseya VSA, programu ya kusimamia kompyuta kutoka mbali. Siku chache baadaye zikaanza kuzunguka barua zilizoahidi kiraka cha Kaseya, zikiwa na faili iliyoitwa SecurityUpdates.exe. Julai 19, 2024 sasisho lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Safari hiyo hapakuwa na mshambuliaji, ni kosa la kiwandani. Muda si mrefu ikatokea faili ya zip iliyojiita marekebisho ya CrowdStrike, yenye maelekezo ya Kihispania, na ndani yake Remcos, programu inayompa mgeni uwezo wa kuitawala kompyuta kutoka mbali. Nje ya barua pepe kuna kurasa za tovuti zilizodukuliwa zinazomwambia msomaji kwamba kivinjari chake kimepitwa na wakati, zikampa faili ya kupakua hapohapo. Mpangilio ni uleule wa Agosti na Septemba 2003: janga la kweli linatangulia, dawa ya uongo inafuata nyuma yake huku watu wakiwa bado wanahema.

Kwa hiyo sioni faida ya kuwafundisha watu kuchunguza sura ya barua. Makosa ya tahajia, nembo iliyopauka, salamu isiyo na jina lako, hayo yote mlaghai anaweza kuyarekebisha, na siku hizi kuandika barua safi kwa lugha yoyote si kazi. Barua ya Swen ilipendeza kuliko taarifa halisi za Microsoft. Kipimo kinachodumu ni mwelekeo: nani amemwendea nani. Ujumbe ukikuambia kuna sasisho, hata ukiamini kabisa kwamba ni wa kweli, ufunge. Nenda mwenyewe kwenye mipangilio ya mfumo, au kwenye duka la programu la simu, au kwenye menyu ya kivinjari, uangalie kama kuna kitu kinachokusubiri. Kama lipo, utalikuta huko. Kama halipo huko, hujapoteza kitu kwa kuufunga ujumbe. Kipimo hiki hakimtaki mtu ajue SMTP wala asome vichwa vya barua, na hakimwombi apunguze bidii yake. Kinaielekeza bidii hiyo mahali ambapo mlaghai hayupo.

Wanaosimamia mifumo wana la kufanya zaidi. Masasisho yajisakinishe yenyewe kila inapowezekana, ili mfanyakazi asiwe na sababu ya kubofya chochote kwa jina la usalama. Barua ya ofisi kuhusu sasisho isiwe na kiungo wala kiambatisho. Iseme tu kwamba kuna jambo, na aende wapi kulitazama. Kanuni hiyo itashikwa vizuri miezi yote, hadi siku ya janga, pale mkuu wa kitengo atakapotaka kiungo kitumwe kwa watu wote kwa mara hii moja kwa sababu hakuna muda. Siku hiyo ndiyo ya kumkatalia, kwa kuwa ndiyo siku ambayo barua bandia zinazofanana na ya kwake ziko njiani.

Na kila mtu aambiwe mapema, kabla hajabofya, kwamba akibofya hataaibishwa. Kila dakika anayoificha habari kwa kuogopa kuchekwa, mnyoo unaitumia. Aliyebofya aitoe kompyuta kwenye mtandao mara moja, achomoe waya au azime Wi-Fi, bila kungoja kujiridhisha kwanza. Abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine, akianza na ya barua pepe, kwa sababu kwa hiyo mtu anaweza kuzipata nyingine zote. Awajulishe walio kwenye orodha yake ya anwani, kwa simu ikiwezekana, kwamba barua yoyote iliyotoka kwake leo wasiifungue.